Nilivyopata sauti kwenye kamati ya wavuvi Kisiwa Panza

Nimezaliwa Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, na mwalimu wangu wa kwanza alikuwa bibi yangu, huko mwambani. Bamvua likifika, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kupita kawaida, na maji yakishakupwa, wanawake tulishuka pwani na vijiti vyetu, yeye mbele. Alinionyesha shimo la pweza: utaliona kwa maganda ya kaa na makombe aliyoyatupa nje baada ya kula. Jike lililolalia mayai alinikataza kuligusa. Pweza jike huzaa mara moja tu, huyalinda mayai bila kula, na yakishaanguliwa hufa.

Nilipokuwa mtu mzima, pweza tuliowapata walikuwa wadogo, wengi hawafiki hata nusu kilo. Likaja wazo la kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi mitatu. Wengi walilikataa, na sikuwalaumu, maana hapa ukikosa mwamba leo, jioni huna kitoweo. Nilisimama mbele ya wajomba na baba zangu wadogo nikawauliza swali moja: pweza mdogo mkimwacha, baada ya miezi mitatu mtamkuta na uzito gani? Kila anayechokoa pweza mashimoni kwa kijiti analijua jibu. Mnyama huyu huishi mwaka mmoja na kidogo tu, kwa hiyo hukua upesi mno. Nikaomba tufunge kipande kimoja, kwingine kubaki wazi. Hapo ndipo walipokubali, na ndipo waliponitaka niingie kwenye kamati.

Ugumu wenyewe ulikuja baadaye. Kwenye kisiwa kidogo kila utakayemkamata ni ndugu yako. Kijana wa binamu yangu alikutwa usiku ndani ya eneo lililofungwa, na mama yake akaja kwangu kabla hakujapambazuka.

"Dada, huyu si mwanao?"

"Ni mwanangu. Faini atalipa, na mimi nitakusaidia kuitafuta."

Niliweza kusema hivyo kwa sababu faini tulikuwa tumekwisha kuipanga mkutanoni, mbele ya sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu, na wazee, kabla mwamba haujafungwa na kabla mtu yeyote hajakosa. Nilipigania sana mpangilio huo. Adhabu ikipangwa baada ya kosa, watu huangalia ni mtoto wa nani, na kamati hufa papo hapo.

Jambo ninalojivunia zaidi ni siku ya kufungua. Mwanzoni wanaume wenye miwani ya kuzamia walikuwa wanawahi na kubeba pweza wakubwa, na sisi tunaotembea kwa miguu tunaambulia mabaki, ilhali tulilinda sawa. Nilidai siku ya kufungua iangukie bamvua, na wanawake na wazee watangulie mpaka maji yaanze kujaa, ndipo wazamiaji waingie. Lilibishaniwa mkutano baada ya mkutano. Nilipita nyumba kwa nyumba kuzungumza na wake na mama wa wazamiaji, kwani nao huchokoa pweza, na wao ndio waliolimaliza jambo hilo majumbani mwao.

Sasa nashughulikia bei. Siku ya kufungua pweza huwa wengi kwa mpigo, na mnunuzi akiwa peke yake pwani hujitajia anachotaka. Nataka kamati iwe na mizani yake, na bei ikubaliwe na wanunuzi zaidi ya mmoja kabla mtu hajashuka mwambani. Wazamiaji safari hii wako upande wangu.