Matanga ya Mambo Mbotela kando ya barabara ya Mombasa

Nauli ya basi la Mombasa ilikuwa imepanda tena. Tuliambiwa 1,700, na mama mmoja aliyeuliza kwa nini wiki iliyopita ilikuwa 1,200 alijibiwa kuwa asiyetaka ashuke. Nililipa. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji mkongwe wa redio, alikuwa amefariki Ijumaa, tarehe 7 Februari 2025, akiwa na umri wa miaka 84, na sikutaka kukaa Nairobi nikisoma rambirambi kwenye simu. Nilitaka kufika Frere Town, kule Mombasa, nipaone walikotoka watu wake.

Kutoka Nairobi hadi Voi sina la kusimulia, isipokuwa kwamba chai ya Mtito Andei ilikuwa vuguvugu na chapati moja iliuzwa kwa bei ya tatu. Tulipofika Maungu, mpira wa rejeta ukapasuka. Mvuke ulifuka mbele ya kioo, dereva akaegesha, na kondakta akatuahidi nusu saa. Aliyewahi kusimama Maungu saa saba mchana mwezi wa pili anajua jua la pale halina huruma. Tulijibanza chini ya mgunga mmoja uliokuwa na kivuli cha watu watano, nasi tulikuwa basi zima.

Nusu saa ikawa saa mbili. Kisha likaja basi jingine la kampuni ileile, lina viti, likasimama. Tukachukua mizigo. Kondakta wake akasimama mlangoni, mkono mmoja huku na mwingine kule, akasema kila mtu aongeze mia tatu. Watu walianza kupiga kelele. Kijana mmoja alitukana. Hapo ndipo yule mama aliyeuliza habari ya nauli alipojitokeza mbele, akaweka kikapu chake chini, akajifunga leso upya, akamtazama yule kondakta machoni na kumuuliza polepole, kwa mkazo uleule tuliokua nao sote:

"Je, huu ni ungwana?"

Kelele zilikatika. Kisha mtu mmoja akacheka, na wa pili, hata kondakta mwenyewe akainamisha uso akitabasamu. Hakuwa na zaidi ya miaka ishirini na mitano, lakini alijua swali ni la nani. "Mama, wenye watoto wapande bure," alisema. "Wengine mnisamehe, mimi pia nimetumwa." Wenye watoto wakapanda, na mama yule akakataa kwenda nao ingawa walimpa nafasi. Alisema atangoja na wenzake.

Ndipo matanga yakaanza pale chini ya mgunga. Hakuna aliyeyaitisha.

Kipindi cha Je, Huu ni Ungwana? kilianza mwaka 1966, miaka miwili baada ya Mambo kujiunga na Sauti ya Kenya, redio ya taifa ya wakati huo, na kilidumu kwa zaidi ya nusu karne. Kila aliyekuwapo pale alikuwa nacho kipande chake. Mambo alikuwa akichukua tabia ndogo ya kila siku, anaieleza taratibu hata unaanza kumwona jirani yako ndani yake, kisha anauliza. Hakutaja mtu wala hakutukana. Swali aliliacha mlangoni kwako, ukitaka uliokote. Nadhani ndiyo sababu halikuzeeka. Wahubiri wa adabu wamekuwa wengi tangu hapo, na wengi wao tumewasahau kwa sababu walituhukumu kabla ya kutuuliza.

Mzee mmoja mstaafu wa reli, aliyekuwa akienda Changamwe, alituambia habari ya tarehe 1 Agosti 1982. Ilikuwa Jumapili. Alifungua redio asubuhi akitarajia nyimbo za dini, akasikia sauti ya Mambo ikitangaza kuwa serikali imepinduliwa. "Wanangu, tulijua kuna bunduki nyuma yake," alisema. "Mambo hakuwa mtu wa kuamka akapindua." Na ndivyo ilivyokuwa: wanajeshi wa anga walimchukua nyumbani kwake, wakampeleka studio na kumlazimisha kusoma. Jaribio lile lilizimwa siku ileile. Mzee alisema kilichomtisha hakikuwa maneno. Kilichomtisha ni kwamba waasi walijua wakipata sauti ile, nchi itaamini.

Kisha akatoa pochi, na ndani yake kadi ya salamu.

Vijana hawazijui. Ulinunua kadi dukani, ukajaza jina lako na lakabu yako, ukaorodhesha unaowasalimu, ukaongeza neno la mwisho, ukaituma redioni kwa posta, halafu ukangoja wiki kadhaa ukiwa umetega sikio. Yake ilikuwa imekunjwa mara nne, imepasuka kwenye mikunjo, na wino wa buluu umegeuka zambarau. Hakuwahi kuituma. Alisema jina lake lilisomwa hewani mara nyingi enzi hizo, na hakumbuki tena ni Mambo au wenzake waliolisoma, lakini akiisikia sauti ya Mambo huona kama ni yeye tu aliyekuwa akimsoma siku zote. Mama wa kikapu akaichukua, akayasoma majina yote kwa sauti ya mtangazaji, na baada ya kila jina mzee akatuambia mtu huyo yuko wapi. Wengi walikuwa wametangulia.

Fundi alifika jioni. Mombasa tuliingia usiku, na hakuna aliyerudishiwa hata shilingi.

Asubuhi nilivuka daraja la Nyali kwa bodaboda hadi Kengeleni, pale Frere Town. Kengele ipo, imetundikwa kwenye mnara wake wa mawe, na matatu zinapiga honi kuizunguka. Frere Town ilianzishwa na wamishonari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, katika miaka ya 1870 kuwapokea waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, na kengele ile iliwaonya wanakijiji hatari ilipowakaribia. Mababu wa Mambo walikuwa miongoni mwa walioanzishiwa maisha mapya hapo. Muuza mahamri niliyemuuliza alisema, "Mbotela ni wa papa hapa," akanikatia karatasi ya kufungia, akaongeza hamri moja bila kulipisha.

Nilikaa pale nikiwaza nyumbani kwetu. Baba alikuwa na redio ya betri ambayo hatukuruhusiwa kuigusa. Tukikosea mezani hakushika fimbo, aliuliza tu lile swali, na sisi tuliona afadhali fimbo. Leo nikifungua redio asubuhi nasikia watangazaji wakipigia watu simu kuanika ndoa zao mbele ya taifa, na wasikilizaji wakishangilia. Siamini kwamba tumeishiwa na watu wa kuuliza. Kama kanda za kipindi chake bado zimehifadhiwa pale Broadcasting House, barabara ya Harry Thuku, naiomba KBC, shirika la utangazaji la taifa, izirushe upya, kila wiki, tangu zile za zamani kabisa, bila kuzikatiza kwa matangazo ya kamari.