Mbele ya Nini?

Jana jioni kitinda mimba wangu, yule wa maswali, alikaa barazani akichezea bomba la sindano tunalomnyweshea dawa ya kikohozi. Kaziba mdomo wa bomba kwa kidole, anasukuma, anaachia, kisukumio kinarudi. "Mama, mbona kinarudi?" Nikamwambia ndani kuna hewa, na hewa hubanika. Akaenda kujaza maji, akaziba, akasukuma tena. Hakikusogea hata kidogo. Akaniangalia asikie nitasema nini, lakini mimi nilikuwa nimeshafika Tabora, Septemba, kwenye kile chumba cha upasuaji chenye dirisha linalotazama mwembe.

Ilikuwa wiki ya kambi ya madaktari bingwa. Mgonjwa wetu alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, mkulima wa tumbaku kutoka upande wa Urambo. Mguu ulivunjika kwa bodaboda, mfupa ukaunga vibaya. Ilibidi uvunjwe upya, unyooshwe, na kipande cha mfupa kichukuliwe nyongani. Alikuwa na pumu, kwa hiyo tuliogopa kumlaza usingizi mzito, na ganzi ya mgongo ya sindano moja humaliza nguvu zake baada ya saa mbili au tatu. Daktari wa usingizi aliyekuja na kambi akasema tutaweka epidura, tuache mpira mwembamba mgongoni ili tumwongezee dawa kadiri kazi inavyokwenda. "Na utaweka wewe," akaniambia.

Ganzi ya mgongo nilikuwa nimewachoma kina mama wengi mno kabla ya siku ile. Unapita na sindano nyembamba, unasikia kama karatasi imetoboka, unachomoa waya wa ndani, unangoja. Maji maangavu yakidondoka, umefika. Tone lile ndilo lililokuwa likinituliza moyo miaka yote. Epidura haina tone. Ni nafasi iliyo nje ya dura, utando unaoshika maji ya uti wa mgongo, imejaa mafuta laini na vishipa vya damu, na kiunoni haizidi sana milimita 5 au 6. Ukiona maji ya uti wa mgongo, umeshapitiliza.

Usiku ule, tukinywa chai, daktari alinisimulia waliotangulia. Fidel Pagés, mpasuaji wa jeshi la Hispania, aliandika habari ya ganzi hii mwaka 1921, akitegemea alichosikia vidoleni. Dogliotti wa Italia akaieneza njia ya kusukuma bomba mpaka ukinzani upotee. Gutiérrez wa Argentina, mwaka 1933, aliacha tone la maji lining'inie kwenye kitako cha sindano, likifyonzwa ndani anajua amefika. "Wote walikuwa wanatafuta kitu kisichoonekana," alisema. Nilidhani nimemwelewa.

Asubuhi dada yule alinisalimu, "Mwangaluka," akaketi, akakumbatia mto, akatoa mgongo nje kama nilivyomwomba. Nikapapasa nyonga zote mbili. Mstari unaoziunganisha hupita kwenye pingili ya nne ya kiuno au chini yake kidogo, nami nikachagua nafasi kati ya tatu na nne, mbali na mwisho wa uti wenyewe. Nikamchoma ganzi ya ngozi. Kisha ile sindano ya Tuohy, nene, ncha imepinda, ina alama kila sentimita 1. Ilipoingia kwenye kano kati ya pingili ikasimama yenyewe, kana kwamba imeshikwa. Nikafunga bomba la maji ya chumvi lenye kipovu kimoja cha hewa. Mgongo wa mkono wangu wa kushoto niliuegemeza kwenye mgongo wake, gumba la kulia likasukuma bila kuachia. Kipovu kilibanika, maji hayakwenda. Nikasogea nusu milimita. Na nyingine. Baada ya sentimita 4 njia ikawa ngumu, kama soli ya kandambili. Hiyo ndiyo kano ya njano, mlango wa mwisho.

Halafu gumba likazama. Maji yakaenda yote kwa ulaini ambao sijawahi kuuhisi popote. Nilikuwa nimefika, na mkono wa kulia ulijua. Wa kushoto, uliozoea miaka yote kwenda mpaka uone, ukaendelea kidogo tu. Nikaondoa bomba. Maji yakatiririka kwenye glavu yangu. Maji ya chumvi yangekuwa ya baridi. Haya yalikuwa na joto la mwili wake.

Daktari hakusema neno. Alichomoa, akaingia pingili moja juu, akapitisha mpira, akajaribu dawa kidogo kwanza, na upasuaji ukaisha salama.

Kesho yake kichwa kikaanza. Akilala, nafuu. Akiinuka, anakishika kwa mikono miwili. Mama mkwe wake alikuja na michembe na mtoto wa miezi minane, na dada yule akawa ananyonyesha amelala, hathubutu kuketi. Vidonge havikusaidia. Siku ya tatu nilipiga magoti kando ya kitanda nikamweleza kwamba ni mimi, sindano ilikwenda mbele kidogo.

"Mbele ya nini, dada?"

Nilishindwa kumjibu. Nikamwomba radhi, akanipigapiga mkono.

Siku ya nne daktari alisema tuzibe tundu nililoliacha kwenye dura kwa damu ya mgonjwa mwenyewe, mililita 20, ziingizwe kwenye nafasi ileile. Akanipa sindano ya Tuohy. "Shika." Nikasema mimi nitatoa damu mkononi. Hakunilazimisha. Baada ya saa moja na nusu hivi mgonjwa aliketi, mtoto mapajani.

Kambi ikafungwa. Sindano ile sijaishika tena, na kama ulikuwa uangalifu au woga, bado ninajiuliza.

Jana nilichuchumaa kando ya mwanangu, nikaziba mdomo wa bomba kwa kidole changu, nikamwambia asukume polepole, asiachie. Kisha nikaondoa kidole bila kumwonya.

"Limeenda, mama!"

"Sasa simama," nikamwambia. Maji yalikuwa yameshaisha.