Ukipata uraia Minnesota, usiruke kura ya majaji

Kwetu jaji hapigiwi kura. Kenya anasailiwa na Tume ya Huduma za Mahakama kisha Rais anamteua. Tanzania jaji wa Mahakama Kuu anateuliwa na Rais baada ya kushauriana na tume. Basi wenzetu wengi wa Brooklyn Park na Minneapolis, waliokwisha kula kiapo cha uraia, wakifika kwenye majina ya majaji mwisho wa karatasi huyaacha bila alama. Inauma, maana huyu ndiye kiongozi utakayesimama mbele yake ana kwa ana.

Mahakama ya wilaya ya Minnesota si mahakama ndogo ya hakimu. Jaji yule yule anasikiliza mauaji, talaka, malezi ya watoto, madeni na kesi za kutolewa nyumbani. Grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hakupi wala hakunyang'anyi. Jaji wa uhamiaji ni mwajiriwa wa Wizara ya Sheria ya Marekani, na hapigiwi kura. Lakini ukikiri kosa mbele ya jaji wa wilaya, rekodi hiyo inaweza kukufikisha kwa yule wa uhamiaji.

Kipindi cha jaji wa wilaya ni miaka 6, mgombea hatajwi chama, lazima awe mwanasheria, na akitimiza miaka 70 anastaafu. Kikatiba anachaguliwa, ila wengi huingia kwa mlango wa gavana: jaji akiondoka katikati ya kipindi, tume inachuja waombaji, gavana anateua. Mteule hupigiwa kura katika uchaguzi mkuu wa kwanza unaokuja zaidi ya mwaka mmoja baada ya uteuzi. Aliyeteuliwa Mei 2025 anagombea Novemba 2026. Wa Desemba 2025 anakaa mpaka Novemba 2028. Kufikia hapo, pembeni ya jina lake karatasi inaonyesha kwamba ndiye aliyeko kitini, na mara nyingi hana mpinzani.

Anayetaka kumpinga hagombei dhidi ya majaji wote. Anachagua kiti kimoja chenye namba. Wakijitokeza watatu au zaidi, mchujo wa Agosti unabakiza wawili. Viti vyenye mpinzani ndivyo vya kuchunguza. Hennepin, kaunti yenye Minneapolis na Brooklyn Park, ambayo kimahakama ndiyo Wilaya ya Nne, ina majaji zaidi ya 60, kwa hiyo toa mapema sampuli ya karatasi ya anwani yako kwenye tovuti ya Katibu wa Jimbo, uweke alama viti vyenye majina mawili. Uliza mgombea amesimamia kesi za aina gani. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa 2002 anaruhusiwa kutoa msimamo wake kuhusu masuala ya kisheria. Akikuahidi ataamuaje kesi fulani, mwepuke.

Mwenye grini kadi asijiandikishe kabisa kupiga kura, hata karani akimpa fomu. Fomu ya uraia, N-400, inauliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, na kura hiyo inaweza kukurudisha nyumbani. Kuchangia kampeni kwa pesa yako mwenyewe unaruhusiwa.