Tandiko la farasi: anza na mgongo, kiti baadaye
Wanunuzi wengi hukimbilia kubonyeza kiti kama wanachagua sofa kwa mafundi wa Keko, Dar. Anayebeba ni farasi.

Liweke tandiko bila blanketi, mbele kidogo, kisha livute nyuma hadi litulie lenyewe nyuma ya mifupa ya mabega. Vidole 2 hadi 3 vipite kati ya tandiko na nundu ya mabega, na uzito usivuke ubavu wa mwisho. Pitisha kiganja chini yake: kikipwaya katikati, mzigo wote unaangukia ncha mbili, na hapo ndipo vidonda huanzia. Panda nusu saa, vua, tazama jasho. Baka kavu kati ya manyoya yaliyolowa maana yake pamebanwa mno, au hapaguswi kabisa.

Mkanda wa tumbo usiukaze mara moja. Baadhi ya farasi hutunisha tumbo wakifungwa, kisha mkanda hulegea. Kaza, mtembeze dakika chache, kaza tena. Kikuku, chuma cha kuwekea mguu, kizidi upana wa kiatu kwa sentimita 2 hivi, maana mguu ukinasa utaburutwa.

Ngozi hukaa vizuri kuliko plastiki, ila masika ya Dar huiotesha ukungu. Ukitoka ufukweni Kigamboni, futa chumvi siku hiyo hiyo, uianike kivulini, kamwe si juani.