Maji ya mvinyo yasiingie bwawani mabichi

Jua la Dodoma ndilo mtambo wetu. Mabwawa ya majitaka, kama yale ya Swaswa, hayahitaji umeme. Yanahitaji mtu wa kuyatazama kila siku, na viwanda visivyoyabebesha mzigo usio wake.

Baada ya chujio la nondo na mfereji wa kutuamisha mchanga, maji huingia bwawa refu la kwenda chini, mita 3 hadi 5, lisilo na hewa. Likiwa limesanifiwa vizuri, kwenye nyuzijoto 20 hupunguza BOD (oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu) kwa asilimia 60 hivi. La pili lina kina cha mita 1.5: juu mwani hutoa oksijeni, chini hakuna hewa. Ya mwisho, mita 1, ni ya kuua vimelea. Mchana mwani hufyonza kaboni dioksidi, pH (kipimo cha asidi; 7 ni katikati, chini yake ni asidi) hupita 9, bakteria wa kinyesi wanakufa. Mayai ya minyoo hayafi hivyo. Yanatuama tu, kwa hiyo maji yakipita haraka, mayai yanatoka nayo hadi kwenye bustani za mboga.

Sasa njoo kwenye zabibu, tunazovuna mara mbili kwa mwaka. Kiwanda kidogo cha mvinyo kikitoa mita za ujazo 10 za majitaka kwa siku zenye BOD ya miligramu 5,000 kwa lita, hizo ni kilo 50 za BOD. Mtu mmoja hutoa gramu 40 hadi 45 kwa siku. Kiwanda hicho kimoja kimeleta mzigo wa watu zaidi ya 1,100! Kwenye bwawa la pili peke yake, kwa nyuzijoto 20, kilo hizo zinataka karibu mita za mraba 2,000.

Kwa hiyo kazi ianzie kiwandani. Maganda na mbegu vizuiwe kwa wavu wa milimita 1 hadi 2. Mashapo ya chachu yatolewe kwa ndoo au pampu, yasisukumwe kwa mpira wa maji hadi kwenye mfereji; hapa ndipo wengi wanapokosea, na mashapo hayo yana BOD kubwa kuliko maji yenyewe. Kisha jenga tangi la kukusanyia maji ya siku moja au mbili. Maji ya zabibu huwa na pH ya 4 au chini yake, ya kuoshea matangi kwa kostiki soda hupita 11. Yakichanganyika yanapoozana, na chokaa unayonunua ya kupunguza asidi inapungua sana. Asidi ikiachwa hivyo hivyo hula mabomba ya zege.

Bwawa la pili huzungumza kwa rangi. Kijani kizito ni afya. Waridi au zambarau ni bakteria wa salfa, mzigo umezidi. Kijivu chenye harufu: mwani umekufa. Povu na utando uliogandamana juu yake uopolewe, maana huziba jua. Utando wa bwawa la kwanza uachwe, unazuia harufu. Nyunyizia maji tu nzi wakizidi.

Tope lipimwe kila mwaka. Funga taulo jeupe kwenye ufito mrefu, uzamishe wima taratibu hadi sakafuni, subiri kidogo, uvute. Weusi ulionata kwenye taulo ndio kimo cha tope. Ukifika theluthi ya kina, bwawa la kwanza linyonywe kiangazi hicho hicho.