Kutoka Mangochi mpaka Masasi, siku nne kulizunguka Ziwa Nyasa

Ramani ukiitazama, Mangochi ya Malawi na Masasi ya kwetu Tanzania zinakaribiana, hapo kati ni Msumbiji tu. Kwa basi sasa ni habari nyingine, unapandisha Malawi mpaka juu kabisa, unavuka Songwe, unakuja Mbeya, Makambako, Njombe, Songea, Tunduru, ndo unaingia kwetu. Siku nne. Ilikuwa Juni 2023, mimi ni nesi, nilikuwa natoka kujitolea miezi mitatu kwenye kambi ya kipindupindu, na jioni tukipata nafasi tunaenda kufundisha kinamama vijiji vya kandokando ya ziwa.

Kipindupindu kile kilianza Machi 2022 na mpaka naondoka kilishaua zaidi ya watu 1,700 Malawi nzima, na Mangochi ni wilaya mojawapo iliyoumia sana. Nilienda nikijua nitahangaika na lugha maana Kichewa sijui kabisa. Siku ya pili tu, mama mmoja kalala kwenye kile kitanda chenye tundu, ndoo chini, anaita kwa sauti ya kukauka "mesi, mesi". Nikageuka kama nimeitwa jina langu. Mesi ni maji. Kiyao jamani, Kiyao cha bibi yangu kabisa, lafudhi tu ndo inapishana kidogo! Kuanzia hapo wazee wananitafuta, wananiuliza ukoo wetu, wananiuliza jando kwetu bado lipo, nikawa mtoto wa nyumbani.

Sasa kuna usiku mmoja aliletwa mwanache, yaani mtoto, wa kama miaka miwili. Macho yamedidimia, ukimfinya ngozi ya tumbo inabaki imesimama hairudi. Tulitafuta mshipa mkononi, mguuni, kichwani, dripu ipo inaning'inia na mtoto akatuondokea. Kumbe nyumbani walimnyima maji tangu asubuhi, wanaamini akinywa ndo anazidi kuharisha. Mama yake hakuwa mzembe, alimpenda mwanae, alifanya alichofundishwa na wakubwa zake. Kilichoniuma ni kwamba maneno hayohayo nimekua nayasikia kwetu Masasi, kwa lugha hiyohiyo.

Toka siku hiyo mabango ya kufundishia niliyaacha. Nakaa mkekani na chupa ya lita 1, maji ya kuchemsha yaliyopoa, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha kwa kidole visivimbe juu, na kila mama lazima aonje. Chumvi isizidi ile ya machozi. Vipakiti vya ORS, ule unga wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, vikiwepo tumia hivyo, visipokuwepo usisubiri, changanya, mpe kidogokidogo huku mnamkimbiza kituoni. Nilikuwa nasema kwa Kiyao mwanzo mpaka mwisho, na niliona tofauti kwenye nyuso zao.

Safari yenyewe siwezi kuisimulia yote, nyingine nililala. Nakumbuka kona za Chiweta, basi linashuka mlima taratibu na ziwa lipo chini linang'aa, wao wanaliita Malawi sisi Nyasa. Pale mpakani Songwe nikabadilisha kwacha zangu zilizobaki, nikasogeza saa mbele saa moja, upande wa pili Kasumulu kijana akanisalimia "shikamoo dada, unaenda Mbeya?" na machozi yakanitoka, sikutegemea. Tukuyu baridi na migomba, Njombe baridi zaidi, Songea nikalala. Alfajiri nikapanda basi la Masasi, lami tupu, misitu ya Tunduru haiishi, abiria wanaongea Kiyao siti ya nyuma na mimi nasikiliza, kwa sekunde kadhaa sikujua niko nchi gani.

Baada ya Mangaka nikaanza kusikia salfa, watu wanapulizia mikorosho, na yale mawe makubwa ya Masasi yakatokeza kwa mbali. Stendi nikanunua ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, ya kuchemsha ya moto, nikala nimesimama na begi mgongoni. Miezi mitatu nilikuwa naiota.

Kwa bibi nilifika giza limeingia. Nilimsimulia yote, na habari za yule mwanache. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema pole pole, "Hata sisi mjukuu wangu tuliwanyima maji. Mjomba wako mmoja hukumkuta." Nilikuwa sijawahi kusikia habari za mjomba huyo. Sikujua la kumwambia, nikamshika mkono tu.

Asubuhi akanitangulia kuamka. Nimemkuta jikoni kashachemsha maji na kuyapoza, kijiko na bakuli la sukari viko pembeni, kamwita na jirani ambaye ana mtoto mchanga. Akanisogezea kigoda. "Haya, tuonyeshe."

Wakaonja wote wawili. Bibi akaonja tena.