Jimbo lililokuwa na magavana wawili

Wageni kutoka nyumbani wakifika hapa Columbia, South Carolina, Marekani, hupenda kupigwa picha kwenye uwanja wa Bunge la jimbo, chini ya sanamu ya mwanamume aliyepanda farasi. Huyo ni Wade Hampton, jenerali wa jeshi la Kusini lililopigania utumwa, baadaye gavana. Kabla hawajatoa simu, mimi huwasimulia habari za gavana ambaye Hampton alimng'oa madarakani.

Daniel Henry Chamberlain alizaliwa Massachusetts mwaka 1835, akasoma Yale, na wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe akawa ofisa katika kikosi cha askari weusi. Mwaka 1866 alihamia huku, akajaribu kilimo cha pamba, kikamshinda, akaingia siasa. Mwaka 1874 alichaguliwa gavana. Watu weusi, wengi wao wakiwa wametoka utumwani miaka tisa tu iliyopita, ndio waliokuwa wengi katika jimbo, na kura zao ndizo zilizompa kiti.

Wapinzani wake hawakulivumilia hilo. Julai 1876, katika mji mdogo wa Hamburg, wazungu wenye silaha waliwashambulia wanamgambo weusi, wakawateka, kisha wakawaua baadhi yao wakiwa tayari mikononi mwao. Mmoja wa waliokuwa upande wa washambuliaji, Ben Tillman, naye ana sanamu uwanja uleule. Hapo huwa nashindwa kuendelea kwa sauti ya kawaida.

Kampeni ya Hampton iliendeshwa na wanaume wa mashati mekundu waliojitokeza na bunduki hata kwenye mikutano ya wapinzani wao. Novemba ilipofika, kura za wilaya ya Edgefield zilizidi idadi ya wanaume wenye haki ya kupiga kura. Hampton alidai ameshinda kwa takriban kura 1,100. Bodi ya uchaguzi ikakataa matokeo ya Edgefield na Laurens, na kuanzia hapo jimbo likawa na kila kitu mara mbili. Mabunge mawili yalikaa katika ukumbi mmoja kwa siku kadhaa, kila moja na spika wake, wajumbe wakilala humohumo wasije wakafungiwa nje. Chamberlain aliapishwa tarehe 7 Desemba, Hampton tarehe 14. Sisi Wakenya tulioshuhudia Raila Odinga akiapishwa kuwa "rais wa wananchi" Januari 2018 tunajua uzito wa kiapo cha pili.

Kilichoamua mambo ni kodi na askari. Hampton aliwaomba wenye mali wampelekee yeye sehemu ya kumi ya kodi yao ya mwaka uliotangulia, nao wakalipa. Hazina ya Chamberlain ikabaki tupu, na ulinzi wake ukawa wanajeshi wa serikali kuu ndani ya jengo la Bunge. Rais Hayes, ambaye ushindi wake mwenyewe ulikuwa na utata na ulitegemea pia kura za jimbo hili, aliamuru waondoke. Waliondoka tarehe 10 Aprili 1877, na Chamberlain akaachia ofisi.

Hadi hapo mimi niko upande wake kabisa. Lakini alikwenda New York kufanya uwakili, na kadiri alivyozeeka ndivyo alivyowageuka waliompigia kura. Mwaka 1901 aliandika kwamba kuwapa watu weusi madaraka ya jimbo kulikuwa kosa tangu mwanzo. Aliandika hayo miaka sita baada ya katiba ya jimbo ya 1895, iliyosukumwa na Tillman yuleyule, kuwanyang'anya kura. Watu walikwenda kwenye vituo vya kura wakijua yaliyotokea Hamburg, wakampigia kura, naye akawaita kosa. Simsamehe.

Ukija Columbia, anzia kwenye nyumba aliyokaa Woodrow Wilson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, akiwa kijana. Siku hizi ni makumbusho ya miaka ile, na wanaoelezwa zaidi humo ni wapiga kura wenyewe. Uwanja wa Bunge utaufikia baadaye.